Namba za huduma kwa wateja: nani hasa anakata hela, na anaanza kukata saa ngapi?

Mlipabili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Naomba wanaojua viwango vya simu wanisaidie, maana kila maelezo ninayokutana nayo yanaishia na "gharama hutegemea mtandao wako" halafu kimya.

Kampuni inaandika namba ya huduma kwa wateja bila bei. Namba yenyewe haifanani na ya mezani wala ya mkononi: inaanza na 08 na kitu fulani, au 1800, au ni namba fupi ya tarakimu tatu. Mtu ana dakika kibao kwenye kifurushi, anapiga, na bado salio la kawaida linapungua. Kwenye bili za Uingereza nimeona simu moja ikielezwa kwa ada mbili, moja ya huduma na nyingine ya njia. Simu moja inalipiwaje mara mbili?

Naomba kujua: hela inakwenda kwa nani? Mita inaanza kuhesabu simu inapoita, mashine inapopokea, au mhudumu wa kweli anapoanza kuongea? Na mtu akiwa nje ya nchi anataka kuipigia benki yake, atajuaje bei kabla ya kupiga?

Naomba majibu yenye namba na utaratibu. Ya "pole mkuu" tuyaweke kando.

---

FundiMitambo

Mkuu Mlipabili, anza kwa kuangalia hela inaelekea upande gani, mengine yatafuata.

Kwenye simu ya kawaida, mpigaji anailipa kampuni yake ya simu, nayo inaipa kampuni ya mpokeaji sehemu ndogo kwa kazi ya kufikisha simu. Mpokeaji hapati kitu. Namba maalumu za biashara ni tofauti kwa sababu nyingi hazina mahali pake pa kudumu. Ukipiga, mitambo inatafuta namba ya kawaida iliyofichwa nyuma yake na kuielekeza simu huko. Hapo katikati ndipo wanapokubaliana nani amlipe nani, na makubaliano hayo ndiyo yanayoamua tarakimu za mwanzo za namba.

Kuna makundi matatu. La kwanza ni namba za bure: mpokeaji analipia simu yote. Hapa hela inarudi kinyume, kampuni ya mpokeaji inailipa kampuni yako kwa kazi ya kuianzisha simu. Marekani zilianza mwaka 1967 kwa AT&T, na leo kule na Kanada utazijua kwa 800, 888, 877, 866, 855, 844 na 833. Kundi la pili ni la kugawana: mpigaji anatoa kiasi fulani, mpokeaji anamalizia. La tatu ni la ada: mpigaji analipa zaidi ya simu ya kawaida, na ziada hiyo, au sehemu yake, inamwendea mpokeaji au kampuni inayomhudumia kwa simu. Kampuni yenye namba ya kundi hili haiumii sana foleni ikiwa ndefu. Sisemi inafanya makusudi, nasema tu kwamba hasara ya kukusubirisha haimwangukii.

Sasa zile ada mbili. Tangu tarehe 1 Julai 2015, Uingereza ilitenganisha bei ya namba za 084, 087, 09 na 118. Ada ya huduma hupangwa na upande wa mpokeaji, na ni ileile hata upige kutoka mtandao gani. Ada ya njia hupangwa na kampuni yako, kwa dakika, na kila mpango wa malipo unatakiwa kuwa na kiwango kimoja tu kwa namba zote hizo. Ada ya huduma ina ukomo: 084 haizidi peni 7 kwa dakika, 087 haizidi peni 13, na 09 inaweza kufika pauni 3.60 kwa dakika au pauni 6 kwa simu nzima. Za 118, zile za kuulizia namba za watu na kampuni, ziliwekewa ukomo mwaka 2019: pauni 3.65 kwa kila sekunde 90.

Watu wengi hawalioni hili: kwenye namba ya 084, anayekuumiza mara nyingi ni kampuni yako mwenyewe. Chukua mfano wa hesabu tu. Ada ya huduma iwe peni 7, ada ya njia ya laini yako iwe peni 60, na foleni pamoja na mazungumzo ichukue dakika 38. Huduma ni 38 × 7, yaani pauni 2.66. Njia ni 38 × 60, pauni 22.80. Jumla pauni 25.46, na karibu tisa ya kumi yake haijaenda kwa kampuni unayoilaumu. Kwa hiyo tangazo likisema "simu hii ni peni 7 kwa dakika pamoja na ada ya njia ya kampuni yako", lile neno "pamoja" ndilo la kusoma mara mbili.

Namba za 03 za Uingereza ni habari nyingine. Hizo kisheria hutozwa kama simu ya kawaida ya mezani ya 01 au 02, na mpango wenye dakika za namba hizo za kawaida lazima uzihesabu 03 humo humo. Kampuni yenye 0845 na 0345 zinazofanana tarakimu zote zilizobaki, mara nyingi zote mbili zinafika kwenye foleni ileile. Piga ya 03.

---

Sekunde60

Nikamate swali la mita, maana hapo ndipo watu wanapokosea hesabu.

Mita haianzi simu inapoita. Inaanza pale mtambo wa upande wa pili unapotuma ishara kwamba simu imepokelewa. Mashine inayosema "karibu, kwa Kiswahili bonyeza moja" imeshapokea. Muziki wa kusubiria, tangazo la "simu yako ni muhimu kwetu", kuhamishwa kutoka idara hadi idara, vyote ni ndani ya simu iliyopokelewa. Mhudumu akija dakika ya 20, wewe una dakika 20 tayari. Upo mtambo unaoweza kukuwekea mlio wa kuita, bila kutuma ishara ya kupokea, hadi mtu apatikane, lakini huwezi kutegemea kwamba kila kampuni inautumia.

Ujerumani walilivalia njuga jambo hili kwa sheria. Tangu tarehe 1 Juni 2013 muda wa kusubiri kwenye foleni za 0180 na 0900 hauruhusiwi kumgharimu mpigaji, iwe ni kabla ya kumpata mhudumu wa kwanza au baada ya kuhamishwa. Kampuni inaweza kukwepa kwa kuweka bei moja ya simu nzima, kutumia namba ya kawaida ya mji au ya mkononi, au kutumia namba ya bure. Nchi nyingi hazina kinga hiyo, kwa hiyo chukulia kwamba foleni inalipiwa mpaka uone imeandikwa vinginevyo.

Baada ya mita kuja namna ya kuhesabu, na hii huandikwa kwa mkwaju kwenye jedwali la bei: 1/1, 60/1 au 60/60. Namba ya kwanza ni kipande cha chini kabisa utakachotozwa, ya pili ni hatua za baada yake, zote kwa sekunde. Simu ya dakika 4 na sekunde 5 kwa 1/1 ni sekunde 245. Kwa 60/1 pia ni 245, kwa sababu umeshavuka dakika ya kwanza. Kwa 60/60 ni dakika 5 kamili, yaani sekunde 300. Simu ya sekunde 8, uliyokata baada ya kugundua umekosea namba, ni sekunde 8 kwa 1/1 lakini dakika nzima kwa hizo nyingine mbili. Baadhi ya mipango huongeza ada ya kuunganishwa, inayokatwa mara moja tu simu inapopokelewa. Mwenye mpango wa namna hiyo akikata na kupiga tena ili kukimbia foleni, anajiongezea gharama.

Jambo jingine dogo lenye maumivu: vifurushi vingi vya "bila kikomo" hukata simu moja ikifika muda fulani, mara nyingi saa moja au mbili. Ukiona unaelekea huko na bado uko foleni, omba kupigiwa. Mashine nyingi zina chaguo la kuacha namba ukabaki na nafasi yako kwenye foleni, na simu ya kupigiwa kwa kawaida hulipi ukiwa kwenye mtandao wako wa nyumbani.

---

Mlipabili

Asanteni wakuu, hii ya ishara ya kupokea sikuwahi kuisikia. Nimeongeza mawili. Namba ya bure ni bure kweli kutoka laini yoyote? Na kwa nini dakika za kifurushi hazitumiki kwenye namba hizi ilhali kimeandikwa "mitandao yote"?

---

DakikaZaBando

"Mitandao yote" maana yake ni namba za kawaida za mitandao yote: za mkononi na za mezani. Namba maalumu hazihesabiwi kuwa za mtandao wowote kwa maana hiyo, kwa sababu kampuni yako inadaiwa hela tofauti kwa kila namba na haiwezi kuziuza kwa bei ya jumla. Kwa hiyo simu inaruka kifurushi na kwenda kukata salio kuu. Ndiyo sababu mwenye dakika 500 na salio sifuri anaweza kupiga 0800 ikapita (ni bure), akapiga namba ya rafiki ikapita (kifurushi), kisha akapiga namba ya kugawana gharama akaambiwa salio halitoshi. Simu yake haina hitilafu yoyote. Kinyume chake ni kwa mwenye laini ya malipo ya baadaye: hakuna salio la kuisha, kwa hiyo simu inapita bila onyo na inaonekana kwenye bili mwisho wa mwezi.

Kuhusu bure: inategemea nchi na upande ulikopigia. Uingereza, 0800 na 0808 ni bure kutoka mezani na mkononi tangu hiyo Julai 2015. Kabla ya hapo mtu wa simu ya mkononi alikuwa analipa. Marekani simu ya 800 haikutozi ya masafa, lakini mwenye mpango wa dakika za kuhesabu anaweza kuona dakika zake zikipungua. Australia namba za 1800 ndizo za bure, ila 13 na 1300 siyo, ingawa watu wengi huzichanganya kwa kuwa zote hutangazwa na kampuni kubwa. Ufaransa wamerahisisha kwa rangi tangu Oktoba 2015: tangazo la kijani ni bure, la kijivu ni bei ya simu ya kawaida, la zambarau lina bei ya ziada, nayo lazima iandikwe. Ukiona zambarau, soma kisanduku cha pembeni kabla ya kupiga.

Usiamini kumbukumbu za zamani pia. Ireland ilifunga kabisa 1850, 1890 na 076 tarehe 1 Januari 2022 na kubakiza 1800 kwa bure na 0818 kwa bei ya simu ya kawaida ya ndani ya nchi. Namba iliyochapwa nyuma ya kadi ya zamani inaweza kuwa haipo tena, au sasa ina mpango mwingine wa bei.

Namba fupi za huduma kwa wateja, za tarakimu tatu au nne, kwa kawaida ni za mtandao uliokupa laini. 100 ya mtandao mmoja ukiipiga kwa laini ya mtandao mwingine, ama haiendi, ama unafika kwa watu wengine kabisa. Kila kampuni ya simu huwa na namba ndefu ya kawaida kwa ajili ya wanaopiga kutoka nje. Iandike mahali leo, kwa sababu siku laini ikipotea ndiyo siku utakayoihitaji, na siku hiyo hutakuwa na laini ya kuipigia ile fupi.

---

LainiNdogo

Nyongeza kwa FundiMitambo: 070 ya Uingereza. Inafanana na simu ya mkononi kwa kuwa za mkononi huanza na 07, lakini 070 ni namba za kufuatilia mtu popote alipo, na bei yake ilikuwa tofauti kabisa kwa miaka mingi. Tarakimu ya tatu ni ya kuangaliwa.

---

MpigajiMbali

Swali la kupiga ukiwa nje ya nchi limeachwa, nalo ndilo lenye mitego mingi.

Tofautisha kwanza hali mbili. Moja: uko nchi A na laini ya nchi A, unapigia kampuni ya nchi B. Hiyo ni simu ya kimataifa, inalipiwa kwa kiwango cha nchi B. Mbili: umesafiri na laini ya nyumbani, unapiga ukiwa kwenye mtandao wa ugenini. Hapo unalipa kiwango cha kutumia laini ugenini, hata kama unapigia nyumbani. Ukiwa ugenini kupokea nako kunaweza kulipiwa, kwa hiyo ule ushauri wa "omba kupigiwa" unabadilika: linganisha kwanza bei ya kupokea na ya kupiga.

Namba za bure na namba fupi zimeandaliwa kwa wapigaji wa ndani. Ukiweka + na msimbo wa nchi mbele ya 800 ya ndani, moja ya mambo matatu hutokea: simu haiendi, inakwenda na kutozwa kama simu ya kimataifa, au inakwenda baada ya tangazo kwamba haitakuwa bure. Hilo la tatu ndilo la kusikiliza hadi mwisho, kwa sababu ukikata wakati wa tangazo kwa kawaida hutozwi. Hata ndani ya Umoja wa Ulaya, ambako tangu tarehe 15 Juni 2017 laini hutumika nchi nyingine kwa bei ya nyumbani, namba zenye ada maalumu ziko nje ya utaratibu huo.

Ipo namba ya bure ya kimataifa ya kweli. Huanza na +800 kisha tarakimu nane, haina msimbo wa nchi yoyote, na husimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu. Usiichanganye na 800 ya Marekani, ambayo ni +1 800. Udhaifu wa +800 ni kwamba kampuni inatakiwa kuifungulia njia nchi baada ya nchi, na mitandao mingi ya mkononi haiipitishi au inaitoza. Dada yake ni +808, ya kugawana gharama. Ndugu yao mbaya ni +979, ya ada ya kimataifa. Hiyo ukiiona kwenye karatasi ya "huduma kwa wateja", achana nayo.

Kilicho salama ni namba ya kawaida ya mezani ya kampuni hiyo, ile yenye msimbo wa nchi na wa mji. Benki nyingi huichapa nyuma ya kadi chini ya maneno "ukiwa nje ya nchi". Bei yake unaijua kabla: fungua jedwali la bei la kampuni yako, tafuta nchi, na uangalie safu ya mezani, maana kwa nchi nyingi mezani ni nafuu kuliko mkononi. Programu za kupiga simu kwa intaneti nazo huuza dakika za kwenda namba za mezani, na baadhi hupitisha +1 800 bila malipo. Kama kampuni inapokea simu ndani ya programu ya kutuma ujumbe, utatumia data tu, takriban nusu megabaiti hadi megabaiti moja kwa dakika.

Mtego wa mwisho ni +1. Watu wanaona +1 wanadhani ni Marekani. Msimbo huo unatumiwa pia na Kanada na nchi nyingi za Karibi: 876 ni Jamaika, 809 ni Jamhuri ya Dominika, 473 ni Grenada, 284 ni Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Bei zake si za Marekani. Matapeli huzitumia kubip: simu inaita mara moja, inakatwa, nawe unapiga kuuliza "nani mwenzangu". Wajapani wameupa mchezo huu jina, wangiri, yaani mlio mmoja na kukata. Sisi neno la kubip tunalo zamani, ila kwetu lilikuwa la kuombana upigiwe na ndugu, na ndiyo maana mtego huu unatukamata kirahisi. Kampuni halali ikikukosa itaacha ujumbe, au utaikuta kwa namba unayoijua.

---

KaraniWaMalalamiko

Wenzangu wameeleza bei. Mimi nigusie sheria na namna ya kudai.

Umoja wa Ulaya una Maagizo ya 2011/83. Kifungu cha 21 kinasema mteja anayepiga kuhusu mkataba aliokwisha kuingia asilipe zaidi ya kiwango cha msingi. Kampuni moja ya Ujerumani ilitumia namba ya 0180 kwa wateja wake na kubisha kwamba haikupata faida humo. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua tarehe 2 Machi 2017, kesi C-568/15, kwamba kiwango cha msingi hakiwezi kuzidi bei ya simu ya kawaida kwenda namba ya mezani au ya mkononi, na kwamba kupata faida au kutopata hakubadilishi kitu. Uingereza iliingiza kanuni kama hiyo kwenye sheria yake tangu tarehe 13 Juni 2014, na ikaweka jino: mteja akilipishwa zaidi, mkataba unachukuliwa kuwa umeshasema kwamba mfanyabiashara atamrudishia tofauti. Kampuni za fedha zilifuata Oktoba 2015 kwa kanuni za msimamizi wao.

Angalia mpaka wake. Kanuni hiyo inamlinda mteja aliye na mkataba na anayepiga kuuhusu: bidhaa mbovu, bili, kusitisha, kurudishiwa hela. Mtu anayepiga kuuliza kabla ya kununua hayumo. Ndiyo sababu utakuta kampuni moja ina namba mbili, ya mauzo na ya wateja. Cha kushangaza ni kwamba ya mauzo ndiyo mara nyingi ya bure. Wanajua wanachofanya.

Ukitaka kudai, usianze kwa kupiga simu. Utaongeza gharama juu ya gharama. Omba bili yenye mchanganuo wa kila simu. Tafuta mstari wa simu hiyo na uandike mambo matano: tarehe, saa ya kuanza, namba kamili iliyopigwa, muda kwa sekunde, na kiasi kwa kila ada. Linganisha muda huo na kumbukumbu ya simu kwenye kifaa chako. Tofauti ya sekunde chache ni kawaida, kwa sababu simu nyingine huhesabu tangu unapobonyeza na bili huhesabu tangu kupokelewa. Lakini bili ikiwa ndefu kuliko kifaa, hapo kuna la kuuliza, isipokuwa ni kuzungusha dakika kama alivyoeleza Sekunde60. Kisha gawa kiasi kwa dakika uone kama kinalingana na jedwali la bei la mpango wako kwa tarehe hiyo, si la leo.

Baada ya hapo utajua umwandikie nani. Kama kiwango hakilingani na jedwali, ni kampuni yako ya simu. Kama kiwango ni sahihi ila namba haikupaswa kutozwa hivyo kwa mteja, ni mfanyabiashara: mwandikie, weka mkataba, tarehe, na ule mstari wa bili, dai tofauti kati ya ulicholipa na bei ya simu ya kawaida kwenye mpango wako. Kama wote wawili wanarushiana mpira, peleka barua zote mbili kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika au kwa msuluhishi ambaye kampuni yako imejiunga naye. Madai yasiyo na ule mstari wa bili huishia mapokezi.

---

Mlipabili

KaraniWaMalalamiko, vipi kama namba yenyewe haikuwa ya kampuni? Nimeona matangazo juu ya matokeo ya utafutaji yana namba ya 09 au 084 yenye jina la kampuni kubwa, na mtu akipiga anafika kweli kwa kampuni hiyo.

---

KaraniWaMalalamiko

Hao ni wauza njia. Wananunua namba ya ada, wanaiunganisha na namba halisi ya kampuni, ambayo pengine ni ya bure, na kuchukua ada ya huduma kwa muda wote unaoongea. Unafika kwa mhudumu wa kweli, ndiyo maana huna shaka. Mhudumu naye hajui umepitia wapi, na kampuni haiwajibiki kukurudishia. Nchini Uingereza wanatakiwa waseme wazi bei na kwamba wao si kampuni hiyo, lakini maandishi hayo huwa madogo chini ya namba kubwa.

Huduma za kuulizia namba nazo zina mtego wake: baada ya kukupa namba wanakuuliza kama wakuunganishe. Ukikubali, kiwango cha 118 kinaweza kuendelea kukata hadi ukate simu. Andika namba, kata, piga mwenyewe.

---

FundiMitambo

Kuipata namba halisi: nenda kwenye tovuti ya kampuni kwa kuandika anwani mwenyewe, siyo kupitia tangazo. Angalia mkataba, bili yao, au nyuma ya kadi. Kama tovuti inaonyesha namba ya ada tu, fungua ukurasa wa wateja walio nje ya nchi, maana kule huandika namba ya mezani kwa kuwa ile ya ada haipitiki kutoka nje. Toa + na msimbo wa nchi, weka sifuri kama nchi hiyo inaitumia, na una namba ya kawaida inayoingia kwenye kifurushi chako. Ukurasa wa mahusiano na vyombo vya habari na wa malalamiko rasmi nao huwa na namba za kawaida, ila mapokezi hayo hayatakuhamishia kila mara.

Na kama kuna watoto au wazee wanaotumia laini hiyo, iambie kampuni yako ifunge namba za ada. Mitandao mingi hufanya hivyo bila malipo. Uliza wanafunga makundi gani hasa, kwa sababu "ada" kwa kampuni moja ni 09 peke yake na kwa nyingine ni pamoja na 087 na 118. Jaribu baada ya saa 24 kwa kupiga namba moja ya kundi lililofungwa: ukisikia tangazo la kuzuiwa, imeshika, ikianza kuita, kata kabla haijapokelewa na uwarudie.

---

Mlipabili

Nimepata. Kwenye ukurasa wa wateja wa nje wa kampuni niliyoipigia kuna namba ya 01 na tarakimu zake za mwisho ni zilezile za namba yao ya 0845. Ninaandika barua ya kudai tofauti kwa mstari wa bili wa simu yangu hiyo. Nikijibiwa nitaweka majibu hapa.